Marehemu Titus Mascarenhas na Mablanketi Aliyoyafungia Kabatini

Baba Padri, dada yangu Jennifer uliyefiwa na mume, mwanetu Jane uliyefiwa na baba, ndugu, jamaa na majirani mliojaa katika kanisa hili la Tooting, mimi ni Agnelo Rebello, shemeji wa marehemu, mdogo wake mjane, na nimepewa kazi hii ya kusoma kwanza kwa sababu katika ukoo wetu hakuna mwenye sauti inayofika benchi la nyuma kama yangu, na pili kwa sababu marehemu mwenyewe alitaka asomewe kwa Kiswahili, maana Hamad pale ni Mpemba, Balwinder katoka Nairobi, Mansukh katoka Kampala, sisi wenyewe ni Wagoa wa Unguja na Dar es Salaam, na lugha iliyotukutanisha wote tangu baridi yetu ya kwanza huku kwa Waingereza ni hii. Vijana mtasomewa kwa Kiingereza baadaye, kwa ufupi, na mtakosa mengi.

Marehemu Titus alizaliwa Unguja, mtaa wa Vuga, tarehe 6 Februari 1934, mtoto wa tatu wa mzee Mascarenhas aliyekuwa fundi cherehani mchana na mpiga fidla jioni, akabatizwa katika kanisa la Minara Miwili, na watu wa Vuga walizoea kusema kwamba mtoto yule alizaliwa na vidole virefu kuliko wenzake, jambo ambalo mimi silibishi kwa kuwa nilikuwa sijazaliwa, ingawa vidole vyangu nimewahi kuvipima na vyake mbele ya mashahidi na tofauti hatukuiona.

Alisoma shule ya masista hapohapo Unguja, akamaliza darasa la nane mwaka 1949, akanizidi mimi madarasa mawili, na madarasa hayo mawili nimeyasikia kwenye kila Krismasi hadi leo.

Mwaka 1950 alianza kazi ya kupanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji mjini Unguja, akaifanya mpaka yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964, na mwezi Juni mwaka huo akavuka kwenda Dar es Salaam, akaajiriwa katika kiwanda ambacho mimi nilikuwamo tayari, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu nje ya kanisa hili mtasikia habari nyingine, mashine ya kuchapa ya ofseti ilipoletwa mwaka 1965, mkono wa kwanza kuigusa ulikuwa huu wangu, Titus alisimama pembeni ameshika kikombe cha chai.

Kwa wale ambao hawakuwahi kusimama mbele ya ofseti, pleti, yaani bati lenye picha, haigusi karatasi hata siku moja, pleti inaukabidhi wino kwa blanketi, yaani ule mpira mzito wenye vitambaa ndani yake unaovishwa silinda, na blanketi ndilo linaloupeleka wino kwenye karatasi. Sasa ukiweka blanketi gumu kwenye karatasi ya mikwaruzo, yenye vilima na mabonde, wino haufiki bondeni, na ukiweka laini mno kwenye picha, vidoti vinavyoiunda vinavimba na bibi harusi anatoka kama kaumwa na nyuki, kwa hiyo mashine ni ileile na wino ni uleule, lakini aliyechagua blanketi ndiye anayesifiwa. Titus alikuwa akifumba macho, anapitisha kidole juu ya mpira, anaubana pembeni kama mama anayechagua embe sokoni, halafu anasema hili ndilo, au hili hapana, na akisema hapana juu ya nililochagua mimi, alikuwa akiongeza kicheko kidogo puani. Mimi nilitaka kitu kimoja tu kwa mtu huyu, siku moja anisikie nimechagua na aseme, Agnelo, hapo umepatia, na kwa hilo nimesubiri miaka ambayo wengine wamejenga nyumba na kuziuza.

Tarehe 22 Oktoba 1966 marehemu alifunga ndoa na dada yangu Jennifer katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, ndoa iliyotokana na yeye kuja kwetu kila Jumapili akidai ana swali la kazi la kuniuliza mimi, swali lenyewe halikuulizwa, ila bebinka ya mama, keki yetu ya Kigoa ya matabaka, vile vipande vya juu nilivyokuwa nawekewa mimi tangu utotoni, vikaanza kuwekewa yeye. Mungu aliwabariki wakampata mtoto mmoja, Jane, aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 3 Mei 1969, na ambaye jina lake nililipendekeza mimi.

Mwaka 1971 majumba yalipotaifishwa na jamaa zetu wengi wakaanza kufunga masanduku, Titus naye alifunga lake, akatua Heathrow na mkewe na mtoto tarehe 11 Novemba 1971, amevaa suti ya harusi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzito, wakapata vyumba Tooting, na mimi nilipofika mwezi Machi mwaka uliofuata nikamkuta ameshaingia kwenye kiwanda cha Balwinder huko Walthamstow, ameshapendwa, anaitwa Uncle na wote. Alinitafutia kazi hapohapo, nakiri, lakini alinitafutia ya kuosha mashine, mimi niliyeigusa ofseti kwanza.

Ni katika kiwanda hicho ndipo marehemu alipoanza mtindo wake uliojulikana mpaka Stanmore, upande wa pili wa jiji. Blanketi la mpira likifanya kazi mfululizo linachoka, linakuwa na uso wa kung'aa na halipokei wino vizuri, na mafundi wa zamani wanajua kwamba lioshwe, likauke, lipakwe poda, litundikwe gizani lipumzike, na kiwanda cha Balwinder kilikuwa na madirisha makubwa pande zote, mwanga mtupu, basi Titus akawa anayachukua yale mazuri anakwenda nayo nyumbani, anayatundika katika kabati la nguo la dada yangu, katikati ya magauni, anafunga kwa ufunguo. Alisema ni kwa ajili ya giza. Mimi nasema ni kwa ajili ya wivu, hakutaka kidole cha mtu mwingine kiguse alipogusa yeye.

Alikuwa akiyakunja na kuyabeba kwapani kwenye treni, kutoka Walthamstow hadi Tooting, na jirani yake Hamad, karani wa posta, alimwona asubuhi moja jukwaani na lile furushi akamwambia, "Bwana Titus, hongera, msala mzuri, umesilimu lini?" Titus akamjibu, "Msala huu, Bwana Hamad, ukiukanyaga nitakushtaki kwa Papa." Hamad anatikisa kichwa hapo, mwone, kakubali.

Aliyeteseka ni dada yangu, ambaye alifika kwenye harusi za watu akiwa na mstari mweupe wa poda mgongoni, na ambaye siku moja mbele yangu alisimama mlangoni mwa chumba akamwambia mumewe, "Mimi unanipita bila kunitazama, mpira unaupapasa nusu saa, kwa nini hukuuoa huo?" Naye akasema, "Jennifer, huu ukichoka napaka poda, wewe ukichoka unaniitia kaka yako," na Jane akatia neno lake kwa Kiingereza kwamba nyumba nzima inanuka tairi. Dada, usilie, ulicheka siku ile.

Mwaka 1981 Balwinder alitangaza kwamba anatafuta msimamizi wa chumba cha mashine, na kwamba kazi itakayoamua ni kadi za harusi ya Kalpana, binti wa Mansukh wa Stanmore, kadi nene zenye mistari ya kupapasika, wekundu mzito na majina ya dhahabu. Nilipewa nafasi ya kwanza, nikachagua blanketi jipya, gumu, linalometa, blanketi la bei ya juu kuliko yote pale, na kadi zikatoka na vidoti vyeupe kila mahali, bibi harusi ana surua. Mansukh alikuja, akaishika moja, akaisogeza dirishani, akasema, "Agnelo bhai, mwanangu anaolewa, haendi hospitali." Titus akapanda treni, akarudi na blanketi lake laini kutoka kabatini, lile lenye tumbo linalokubali kubonyea likaingia mabondeni, na wekundu ukajaa kama umemwagwa. Nani angejua kuchagua blanketi wakati mazuri yote yamefungiwa Tooting pamoja na sketi? Lakini usimamizi alipewa yeye, na kuanzia siku hiyo madoa yoyote, hata ya chai kwenye kitambaa, yeye aliyaita madoa ya Mansukh, huku akinitazama mimi.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwaka 1987 alipogundulika ana sukari, mwaka 1992 macho yakafifia hata akaacha kazi, na usimamizi nikapewa mimi, Balwinder akinikabidhi funguo kwa maneno haya, "Agnelo, jaribu tu," sasa tangu lini mtu anapewa cheo kwa maneno hayo? Mwishoni mwa mwaka jana figo zikashindwa, macho yakazimika kabisa, akataka alale nyumbani kwake, na alipojua kwamba safari imekaribia hakuuliza habari ya jeneza wala ya wimbo, aliuliza kadi ya ibada itachapwa na nani, hiyo mliyoishika mikononi.

Dada yangu alikuwa amekwisha kuchagua karatasi, na alichagua hii ya rangi ya maziwa yenye mikwaruzo kwa sababu ni nzuri, na juu yake anataka picha ya mumewe, yaani kazi mbili zinazogombana, mikwaruzo inataka blanketi laini, uso wa mtu unataka gumu. Titus akanitumia ujumbe kwa Jane, akasema, "Mwambie mjomba wako alete mablanketi nichague mwenyewe, sitaki kuzikwa na madoa ya Mansukh."

Jumamosi tarehe 11 Machi, mchana, nilikwenda. Niliyapanga matatu juu ya shuka, mawili niliyatoa kabatini mwake, la tatu nilikuja nalo chini ya koti kutoka Walthamstow, nimelichagua mimi, nimelipumzisha mimi, sikusema lipi la nani, na Jennifer alikuwa mlangoni, ni shahidi. Muuguzi aliyekuja kumpima akauliza mipira hiyo ni dawa ya kienyeji ya wapi, Jane akamwambia asubiri tu.

Titus aliligusa la kwanza, akasema, "Hili litafika mabondeni, lakini pua yangu itavimba." Akaligusa la pili, akasema, "Hili pua itakaa sawa, ila nitakuwa na surua ya Kalpana." Akaligusa la tatu. Akapitisha kidole, akakirudisha, akaubana mpira pembeni, akaugeuza, akaugeuza tena, na kile kicheko cha puani nilichokisubiri hakikuja. Mimi pale nilikuwa natokwa na jasho kama mwanafunzi. Halafu akasema, "Hili ndilo. Nalijua hili, ni langu, la kabatini."

Ndugu zangu, mnisamehe, yule alikuwa mtu anayekufa, lakini damu ilinipanda mpaka masikioni, nimengoja maisha yangu yote achague langu, naye amelichagua na kuniibia kwa pumzi moja! Nilifungua mdomo. Dada yangu akanikata jicho kutoka mlangoni, nikaufunga. Nikaanza kulikunja taratibu, na Titus, amegeuka upande wa ukuta, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Poda ulilipaka lini, shemeji?"

Nikasema, "Alhamisi."

Akasema, "Vizuri."

Mtu haulizi poda ya blanketi lake mwenyewe. Nimelipima neno hilo moja tangu siku ile, njiani, kazini, kitandani, ni dogo, na amelitoa akiwa ameupa mgongo uso wangu ili asinione nikifurahi, ingawa alikuwa haoni, lakini ni langu na simgawii mtu.

Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 13 Machi 1995, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, ameacha mjane, binti mmoja, na kabati ambalo dada yangu amesema hatalifungua kwa sasa, yeye ambaye alilalamika zaidi ya wote.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Padri wetu, majirani wa Tooting wakiongozwa na Bwana Hamad aliyeleta chakula kabla hatujapiga simu, Bwana Mansukh aliyetoka Stanmore na familia nzima, Kalpana akiwemo, ambaye mtaona hana surua, na Bwana Balwinder na wafanyakazi wenzetu wa Walthamstow waliosimamisha mashine kwa siku nzima, jambo ambalo nikifa mimi nategemea mtalirudia, na mnaweza kuzidisha.

Sasa itazameni kadi, ielekezeni kwenye mwanga wa dirisha, tazameni pua, tazameni nyusi, tafuteni doa jeupe hata moja, mimi nimelitafuta sikuliona. Mtu akiwaambia huko nje, kwenye chai, kwamba marehemu alilichagua blanketi hilo mwenyewe, ni kweli, alilichagua, baada yangu. Limeoshwa, limekauka, liko Walthamstow gizani kwenye kabati langu, na ufunguo ninao mfukoni.

Shemeji Titus, dada yangu amekupaka poda kwa mkono wake mwenyewe na mahali unapokwenda hapana madirisha, umefanya kazi mfululizo, usiharakishe, pumzika kwa amani.