Shangazi, Vikombe na Kumbukumbu Iliyovuja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mhandisi wetu wa mifumo ya kompyuta, ambaye ofisi nzima humwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mwenyewe anasema amechoka. Sisi tuliomwona juzi akipanda ngazi mbili mbili kwenda kumgombeza fundi wa mtandao hatumwamini.

Alianza kazi enzi za diski laini, akizibeba kikapuni kutoka chumba hadi chumba. Akapanda cheo polepole hadi akakabidhiwa sehemu ya mfumo endeshi inayohifadhi faili kwenye diski. Jina la Shangazi hakulipata kwa umri bali kwa mdomo. Ukiharibu kazi atakusema mpaka masikio yawake moto; ukishaitengeneza, atakuulizia watoto.

Hatutausahau mwaka ambao seva zetu zilianza kuganda katika hospitali moja iliyokuwa mteja wetu mkubwa. Zilihifadhi picha za eksirei, na kila baada ya siku kadhaa kumbukumbu ya kompyuta ilipungua hadi ikaisha kabisa. Kitu fulani kilichukua nafasi bila kuirudisha. Dawa yetu sisi wengine ilikuwa moja: zima, washa, nenda nyumbani. Kisha siku moja seva ikaganda mgonjwa akiwa tayari mezani, daktari wa upasuaji amesimama na glavu zake akisubiri picha ya mguu. Mgonjwa alipona, lakini hospitali ikatuambia waziwazi kwamba likitokea tena, mkataba basi. Bila mkataba huo, kitengo chetu kingefungwa. Sisi tuliwaza mishahara. Shangazi alimwaza yule mgonjwa.

Akausoma msimbo wote, yaani maagizo yanayoiendesha programu, mstari kwa mstari. Tukahifadhi picha za majaribio mpaka macho yakatuuma, na kila nafasi iliyoazimwa ilirudishwa vizuri. Tukaishiwa maarifa.

Jibu lilitoka kwenye chai. Vikombe vya ofisi vilikuwa vikipotea, na Shangazi alikuwa amejipa cheo cha kuvilinda. Kila asubuhi alituuliza kwani vikombe vina miguu. Asubuhi moja akamwona mkuu wa kitengo akiitwa kwenye simu chai ikiwa nusu. Mkuu akaondoka na kikombe, kikaishia juu ya kabati la seva. Shangazi akabaki amekikodolea macho. Anayemaliza chai hurudisha kikombe. Anayekatizwa ndiye husahau.

Akatukalisha wote, mkuu akiwemo, tuhifadhi picha na kughairi katikati, tena na tena. Kumbukumbu ikaanza kushuka tukiiona. Msimbo ulirudisha nafasi pale tu kazi ilipokamilika. Ikikatizwa, uliondoka bila kurudisha chochote. Na wapiga picha hospitalini hughairi kutwa nzima, maana wagonjwa hawatulii. Marekebisho yalikuwa mistari michache tu. Seva hazikuganda tena, na kitengo kikabaki wazi. Shangazi alimpigia simu yule daktari yeye mwenyewe, kisha akatoka chumbani macho mekundu, akidai ni vitunguu, katika ofisi isiyo na jiko.

Hadi leo hakuna kazi inayotoka kwetu kabla ya kujaribiwa kwa kukatizwa. Jaribio hilo tunaliita “chai nusu”.

Wiki hii, alipokuwa akikusanya vitu vyake, droo yake ya chini iligoma kufunguka. Tukaivuta pamoja. Ilikuwa imejaa vikombe vya ofisi! Shangazi akajitetea kwamba kosa ni letu, kila akikaa anywe chai tunamjia na maswali.

Ni kweli, Shangazi. Miaka yote hiyo hatukuwahi kukuacha umalize kikombe kimoja. Tunakushukuru kwa kila chai iliyopoa kwa ajili yetu, na tutakukosa sana. Vikombe tumeviosha na kuvirudisha rafuni, isipokuwa kimoja ambacho kimo ndani ya zawadi yako. Hicho usikirudishe. Maisha yako mapya yawe mema, na chai yako uinywe mpaka mwisho.