Kipande Kilichoitwa Kizima

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa maabara. Kazini walimwita Mama Wembe. Ametutoka akiwa na miaka arobaini na sita, kwa saratani ya utumbo.

Kazi yake ilikuwa kukata. Kipande cha utumbo kikishagandishwa ndani ya nta, alikikata kikawa chembamba kuliko ganda la kitunguu, akakilaza juu ya kioo, akakipaka rangi. Rangi ile huonyesha ujumbe ambao seli hupeana. Chini ya vishimo vya utumbo zimo seli shina, nazo huambiwa: gawanyikeni. Watoto wao wakipanda juu, ujumbe hukoma, wanatulia. Kwenye saratani ujumbe haukomi. Alipomweleza mdogo wake, fundi viatu, alijibiwa kwamba yeye anajua soli tu, dada amwache ale.

Maabara ilihitaji kipande kizima, yaani kisicho na ugonjwa, cha kulinganishia. Mama Wembe akajitolea. Kwa kamera utumbo wake ulionekana safi. Kikatolewa kipande kidogo, kikapewa namba. Kule majina hayaandikwi, ni namba tu.

Basi kile kipande kizima kikaanza kushika rangi hadi juu, mahali ambapo ujumbe ulipaswa kuwa umekoma. Mama Wembe akailaumu rangi. Akaibadilisha. Mara tatu, wasikilizaji. Miezi saba. Kwa kuwa kiliitwa kizima, hakuna aliyekishuku, hata mwenyewe. Asubuhi moja daktari, bosi wake, akainua macho kutoka kwenye hadubini, akauliza kipande hiki ni cha nani.

"Ni changu, daktari."

Alimaliza kwanza kufuta meza, ndipo akakaa.

Alipopimwa, uvimbe ulikutwa umeshafika kwenye ini. Alipasuliwa, akatundikiwa dawa, akakonda hadi pete ikawa haikai kidoleni. Daktari akasema kasoro hii hutembea kwenye damu ya ukoo. Mdogo wake apimwe. Mdogo mtu akapiga chenga. Viatu vya watu vimejaa, atakwenda wiki ijayo. Wiki zikawa miezi.

Siku moja alimpelekea dada yake uji. Mgonjwa akasukuma kikombe.

"Sinywi mpaka ushike miadi. Mimi nilijitazama miezi saba nikasema rangi mbovu. Wewe hata rangi ya kusingizia huna."

Mdogo mtu anasema alicheka. Akashika miadi. Dada yake alifariki siku mbili kabla ya siku hiyo ya kupimwa.

Mdogo mtu alitamani kuahirisha. Hakuahirisha. Walimkuta na vijinyama viwili vichanga utumboni, havijawa saratani bado, wakaviondoa palepale. "Nilitoka nje nikatoa simu," anasema. "Nikatafuta namba ya dada nimwambie. Nikabaki nimeishika."

Kwa fundi viatu na familia yote, poleni sana. Tunalia nanyi. Nawe unayesikiliza, kama mwili wako unakusumbua na umeshaupatia sababu nyepesi, itazame tena sababu hiyo. Kisha nenda ukapimwe, ungali na mtu wa kumpigia simu.