Nada Zahran, Aliyetaka Kuambiwa Ukweli

Bismillahir Rahmanir Rahim. Ndugu zangu waombolezaji, mimi ni Amjad, mjomba wa marehemu, na wazee wake wameniomba niwasomee maisha yake kabla hatujamswalia.

Nada Zahran Hamoud alizaliwa hapa mtaani Malindi tarehe 9 Machi 2013, mtoto wa pekee wa Bwana Zahran, karani wa mizigo bandarini, na dada yangu Bi Salhiya, akaanza chuo cha Kurani mapema, na skuli mwaka 2019, ambako alipenda hesabu na kubishana na walimu.

Juni 2021 alishikwa na homa zisizokwisha, akapelekwa Dar es Salaam, ikagundulika ana saratani ya damu. Vipimo vya kawaida vilionesha hatari ndogo, tukashukuru, lakini daktari wake, Dkt. Yusra, alipeleka sampuli ya uboho wa ndani ya mifupa yake kwa watafiti wanaoangalia jeni zipi ndani ya seli za ugonjwa zinafanya kazi kupita kiasi na zipi zimelala, na majibu yakaashiria kwamba maradhi yangeweza kurudi.

Shemeji alitaka aendelee na dawa nyepesi, kwani mtoto alishaanza kucheka, dada alitaka dawa kali, na Nada, aliyewasikia wakinong'onezana, akasema, "Mama, nshachoka kufichwa, nambieni hicho kipimo kimesema nini." Dkt. Yusra akakaa kitandani kwake, akamjibu, "Kimetuonesha hatari, mwanangu, hakijatupa ahadi." Nada akasema, "Basi nipeni hiyo kali, lakini baba asiondoke." Shemeji akaomba likizo bila malipo, akawa analala sakafuni kando yake.

Nywele zilimtoka, kinywa kikajaa vidonda, lakini mwaka 2022 alirudi skuli, mwaka 2024 akafunga Ramadhani yake ya kwanza nzima, na mwaka huu alikuwa darasa la sita.

Agosti maradhi yalirudi, dawa zilizobaki zingemtesa bila kumponya, mwenyewe akaomba arudishwe nyumbani, na asubuhi ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, alifariki kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake.

Tunamshukuru Dkt. Yusra na wauguzi, majirani wa Malindi waliotupikia, wafanyakazi wenzake Bwana Zahran, na walimu wake. Dada ameniomba niwaambie kwamba ile miaka ya baada ya dawa kali Nada hakuipata bure, na kwamba yeye mama yake haikumtosha.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kalale salama, Nada, mwanetu.