Mguu wa Bwana Chitanda na Mnyororo wa Stoo

Tarehe 30 Juni 1979 Bwana Valentini Chitanda anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi ya ubwana shamba katika wilaya yetu. Nimekabidhiwa kuandika habari zake kwa kuwa mimi, mtunza stoo, ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Wenye nia njema wanasema nimepewa heshima. Mimi nashuku wengine walikwepa.

Aliajiriwa mwaka 1952, kijana kutoka Rondo, na bendera ya Uhuru ilipopandishwa alikuwa ameshachakaza baiskeli mbili za serikali. Amefundisha upandaji wa mikorosho kutoka Rondo hadi vilima vya Kipatimu. Katika miaka yote hiyo hajawahi kurudisha stoo jembe pungufu wala kudai jembe la ziada. Mtu wa namna hiyo, nakiri, hunitia wasiwasi.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa inchi mbili tangu utotoni, alipovunjika paja na mfupa ukaunga vibaya. Alichechemea, lakini alifika kokote. Mwaka 1970, kijiji cha Ujamaa cha Namkongoro kilipoanzishwa, yeye ndiye aliyepima kitalu cha kwanza: ekari moja kwa kila kaya, hatua sabini kwa hatua sabini. Wakati huo hakuna aliyejiuliza hatua za nani.

Mwaka uliofuata alipelekwa Dar es Salaam kwa daktari bingwa. Wakaukata mfupa wa paja, wakamfungia chombo chenye skrubu iliyozungushwa kidogo kidogo kila siku, mpaka mguu ukaongezeka inchi mbili. Kisha wakamwekea ndani bamba la chuma lishikilie mfupa hadi ukomae. Nilipoambiwa habari hizo nilizikataa kabisa. Mtu hurefushwaje kama kamba?

Alirudi mwaka 1972 akitembea wima. Wenzangu walishangilia, mimi nilihesabu. Kutoka mlango wa stoo hadi mlingoti wa bendera zamani alipiga hatua arobaini. Sasa zilikuwa thelathini na nane. Nikanyamaza.

Bi Adija wa Namkongoro hakunyamaza. Kitalu cha pili kilipopimwa kwa hatua mpya za Bwana Chitanda, mama huyu alichukua kamba ya katani, akapima shamba lake la kitalu cha kwanza, akaenda kupima la jirani yake Tekla la kitalu kipya. Lake lilipungua karibu hatua nne kila upande. Mkutano ukaitishwa. Bwana Chitanda akamwamkia shikamoo kwa adabu zote.

“Marahaba, mwanangu,” alisema Bi Adija. “Sasa niambie, hatua zangu nne umezipeleka wapi?”

Watu walicheka, lakini si kicheko kizuri. Bwana Chitanda alijibu kwamba kosa lilikuwa la miguu yake, akakaa chini. Kuanzia hapo kila alipopita Namkongoro watu walimtazama miguu kabla ya uso.

Ndipo ikaja barua ya daktari. Mfupa umekomaa, bamba linaweza kutolewa, au kuachwa kama halimsumbui, achague mwenyewe. Laiti angeachiwa achague! Habari zilienea kwamba chuma kikitoka mguu utarudi ulivyokuwa. Wa kitalu cha tatu, ambao walikuwa hawajapimiwa, wakamsihi asikitoe kabla hajawapimia. Wa kitalu cha kwanza wakataka kitolewe haraka, ili hasara iwe ya wote.

Alikuja stoo, akakaa juu ya gunia la mbegu, akanionyesha barua. Alikuwa anaogopa, na alisema hivyo. Bamba lilimuuma kila apandapo baiskeli. Lakini likitolewa, matundu ya skrubu yangebaki kwenye mfupa, na kabla hayajajaa paja lingeweza kuvunjika tena mahali palepale. Lililomuumiza zaidi ni kwamba lolote atakaloamua, watu wangesema ameamua kwa ajili ya mashamba. Alitaka mguu wake uwe wake tena, usiwe kipimo cha kijiji.

Basi akajaza hati ya kuomba mnyororo wa kupimia. Nilimtolea siku hiyohiyo. Akapima kitalu cha tatu, kisha akarudia cha kwanza chote, akamwongezea kila mtu sehemu iliyopungua kutoka upande wa msitu. Alipomaliza, alisimama kwenye mwimo wa mlango wa stoo, nikachora alama ya kisu usawa wa utosi wake, akapanda basi kwenda kutolewa chuma.

Alirudi kwa magongo, akayatumia wiki nane kama alivyoagizwa, bila ubishi. Siku aliyoyaacha, Namkongoro nzima ilikuja stoo. Utosi ulifika kwenye alama. Bi Adija alimwinamia akakagua kama amenyanyua visigino, akapima tena kwa kamba yake, akaondoka. Kesho yake alimletea kapu la mihogo.

Sasa nimalizie langu. Hati ile ya mnyororo ilikuwa ya nne. Tatu za kwanza alinijazia mwaka 1970, kabla hajapiga hata hatua moja Namkongoro. Nilizikataa zote, kwa kuwa nilishuku mnyororo hautarudi. Siku ya mkutano nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Bwana Chitanda alinitazama mara moja, kisha akasema kosa ni la miguu yake. Hajanitaja mpaka leo, na nimeona aibu miaka yote hii.

Bwana Chitanda, miguu yako haikukosa, wala mfupi wala mrefu. Aliyekosa ndiye mwenye funguo za stoo. Ofisi nzima inakushukuru, na tunakuombea afya na mavuno mema huko Rondo. Ukitaka kupima shamba lako, njoo uchukue mnyororo. Hati sitakuuliza.

M. Maftaha, Mtunza Stoo