Oili Niliyompunja Mwaringa

Mheshimiwa Chifu, Mkuu wa chuo Bi. Nyokabi, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi mafundi vijana mnaohitimu leo hapa Gongoni: nawasalimu nikiwa nimeketi, maana miguu imekataa. Na wewe dada Kadii, uliyewekwa kiti cha nyuma, ingefaa nianze na wewe. Shikamoo.

Mmeniita nifunue ubao wa karakana hii mpya, wenye jina langu, Mwalimu Baya. Kabla sijagusa kitambaa kile, nisikilizeni. Daktari hakunificha, siku zangu zimekwisha.

Miaka ya sabini, mimi na Mwaringa, mdogo wake Kadii, tulikuwa na skuta. Tulisaga vichwa vya silinda, tukang'oa mabomba ya moshi ili ziongeze kasi, tukashindana kutoka hapa hadi Mambrui. Kila aliponipita alipaza sauti, "Baya, hiyo yako ni cherehani! Nishonee shati!" Watu wote wa kando ya barabara walicheka, nami nikacheka nao. Je, mnajua kicheko kinavyoweza kuuma?

Skuta zile zilitumia petroli iliyochanganywa na oili, na sote tulijua kwamba oili ikipungua, injini huchapuka, kisha hukaza na kugoma kuzunguka. Jumatatu ya Pasaka, kabla ya mashindano, Mwaringa alikwenda kumwamkia mama yake, akaniachia mimi nimchanganyie. Nikampunja oili. Nilitaka izimike mbele ya watu, wamcheke na yeye. Hilo tu.

Haikuzimika. Ilikaza akiwa mbioni, gurudumu la nyuma likagoma, naye akarushwa kwenye mawe ya kando. Alikufa palepale. Watu walipouliza kulikoni, nikasema, "Alikuwa amelewa."

Waliamini upesi, kwa kuwa mama yake aliuza pombe ya mnazi. "Umemuua mwanao kwa kibuyu chako," walimwambia mazishini. Mama yule alivunja vibuyu vyake vyote, akaenda kukwangua chumvi kwenye mashamba ya chumvi ya watu mpaka viganja vikapasuka. Nami nilikuwa nikipita na vitabu vyangu kwapani, namsalimu, ananiitikia, "Marahaba, mwanangu."

Dada Kadii, Mwaringa hakuwahi kuonja mnazi. Umelisema hilo maisha yako yote, na mimi, niliyewafundisha wanao kusema kweli, nilikuacha uliseme peke yako.

Mheshimiwa Chifu, naona unaniashiria nikae. Nimeshakaa.

Vijana, kesho watu watawaachia pikipiki zao na kwenda zao bila kugeuka nyuma, kama Mwaringa alivyoniachia yake. Sina jingine la kuwafundisha.

Ubao ule usifunuliwe. Upakwe rangi upya, na jina alichague huyu dada Kadii anayekuja huku na mkongojo wake. Tafadhali, mpisheni. Akitaka kunipiga nao, msimshike mkono. Ninyi nyote, asanteni kwa kunivumilia.

Dada, kipaza sauti hiki hapa.