Qu Fengxian, Mama Aliyekataa Kumwita Mwanawe

Marehemu Qu Fengxian, mama yetu mzazi, alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 katika kijiji cha Qujiagou, wilaya ya Zhaoyuan, mkoani Shandong, akiwa mtoto wa tatu wa wakulima wa karanga. Alianza shule mwaka 1956 na kuiacha mwaka 1960, wakati wa njaa, akiwa darasa la nne. Alisema darasa la nne linamtosha mtu kusoma matangazo ya serikali, na matangazo ndiyo yaliyoendesha maisha yake.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha serikali cha tambi za choroko. Tambi hizo ziliuzwa mpaka Japani, naye alijivunia kwamba kazi ya mikono yake imefika mahali ambapo miguu yake haitafika. Mwaka 1998 ikaja amri kutoka Beijing kwamba viwanda vinavyokula hasara vifungwe. Mama akaanza kuuza mikate ya mvuke sokoni, hadi magoti yalipomkatalia.

Aliolewa na marehemu baba yetu, Luan Dechang, fundi umeme, tarehe 1 Mei 1970. Walijaliwa watoto wawili: kaka yangu Zhiyuan mwaka 1972, nami Zhihong mwaka 1975. Baba alitutoka mwaka 2009. Wote mnajua mama alimpenda nani zaidi. Sikuwa na wivu, au labda nilikuwa nao kidogo.

Kaka alipanda cheo mpaka akawa naibu mkuu wa ofisi ya ardhi katika mji mmoja wa pwani. Mwaka 2014 upepo uligeuka huko juu, ikaamriwa wala rushwa wasakwe hata walio ng'ambo. Kaka alikuwa ameshakwenda Kanada. Kama alikula, sijui. Mama hakuwahi kusema alikula, wala hakusema hakula. Tangu hapo maafisa wa nidhamu, wale wanaowasaka wala rushwa, walikuwa wakija nyumbani kila sikukuu, kwa heshima zote, na matufaha mkononi. "Mama, mwambie arudi. Akirudi mwenyewe atahurumiwa."

Kwetu mgeni anayefika hupikiwa tambi, na anayeaga hupikiwa jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani. Mama aliwaandalia jiaozi kabla hawajavua makoti.

"Mama, mbona jiaozi?" aliuliza afisa mmoja. "Si ndiyo kwanza tunaingia!"

"Kula, mwanangu, zisipoe. Njia yenu ni ndefu."

Mkubwa wao alicheka hadi akapaliwa. Lakini sikukuu iliyofuata walirudi.

Jioni moja televisheni ilimwonyesha msemaji wa serikali akikanusha malalamiko ya nchi za nje, kwamba tunatuma watu huko kuwagongea milango waliokimbia. "Haya bwana," alisema mama, "mataifa makubwa yanagombania huyu niliyemfuta kamasi, na mimi hata pasipoti nimenyimwa."

Mwaka 2023 binti yangu Jiayi alifaulu mtihani wa kazi ya serikali, kisha akaangushwa kwenye uchunguzi wa ukoo kwa sababu ya mjomba wake. Nina hasira na kaka yangu, na mbele ya majivu ya mama siifichi. Niliambiwa kwamba kaka akirudi, jina la Jiayi litafikiriwa upya.

Septemba mwaka huo mama aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Maafisa walifika wiki ileile. "Mpigie, mama. Mwambie unaumwa. Mtoto gani atakataa kuja?"

Mama aliomba kwanza ajitayarishe. Aliniita chumbani nimpake rangi mashavuni na kumvalisha sweta mbili, moja juu ya nyingine. Kisha akampigia kaka simu ya video, maafisa wamekaa pembeni wasionekane.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo! Huoni nilivyonenepa? Dada yako ananilisha kama nguruwe wa mwaka mpya."

"Nataka kuja nikuone, mama."

"Uje ufanye nini? Ukija nakufukuza kwa fagio! Kula vizuri, lala, na usije."

Akakata simu. "Mlitaka nipige," aliwaambia maafisa, "nimepiga." Walipoondoka alinishika mkono. "Zhihong, najua nimemnyima Jiayi kazi. Nisamehe au usinisamehe, lakini mimi si chambo." Nilitoka nje nikalia, na siku mbili sikusema naye.

Alifariki nyumbani mchana wa tarehe 21 Januari 2024, mimi na Jiayi tukiwa tumemshika.

Asubuhi hii, kile chungu ambacho mwana wa kwanza wa kiume hukivunja ndipo marehemu atoke nyumbani, nimekivunja mimi, kwa wosia wake. Baba mdogo alinung'unika, "Tangu lini binti akavunja chungu?" Nikamwambia, "Tangu leo, baba mdogo."

Marehemu ameacha dada yake, Qu Fengying. Mimi na mume wangu, Song Benli. Mjukuu wake Jiayi, anayeuza viatu mjini Yantai. Na mwanawe, Luan Zhiyuan, ambaye hadi saa hii hajaambiwa. Ndugu maafisa mlioketi nyuma, asanteni kwa shada la maua. Tukishamaliza kufukia majivu, nitampigia kaka simu. Nitamlilia, nitamtukana, na sitamwambia aje.

Mama yetu ameshachoka. Na apumzike.