Mtu wa Pili

Umeme ulikatika asubuhi. Kinyozi, ambaye hajawahi kukubali kushindwa na umeme, alikokota kiti chake hadi kibarazani, akaacha mashine ndani na kurudi kwenye wembe na povu kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Kiti kikawa kimepakana na benchi la kijiwe. Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Komeo lake halijang'olewa mpaka leo, na anayechelewa kufika ndiye hukalia komeo. Siku hiyo waliwahi wawili: Breki, dereva wa lori mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna kitu kama hicho, na Profesa, aliyekuwa mtunza stoo wa shule, akastaafu na miwani pamoja na elimu yote ya vitabu alivyowahi kuvifuta vumbi. Bi Birika alikuwa anamimina kahawa. Mwandishi, binti wa gazeti la mji, alifika wa mwisho, akaamkia wakubwa na kukalia komeo bila kulalamika.

Alikuwa na saa mbili tu. Siku tatu nyuma, mtu mmoja aliingia na bunduki kwenye ukumbi wa mnada wa samani, akaua watu wanne na kujeruhi tisa kabla hajakamatwa. Mwandishi alibishana na mhariri wake mpaka sauti ikakauka, ili sura ya muuaji isijae ukurasa wa mbele, na alishinda, na ushindi ule ulimpa kiburi kidogo. Lakini ukurasa wa mbele hauachwi mtupu. Jana wakaandika kwamba mashahidi walimwona mtu wa pili. Leo asubuhi mwenye duka la upande wa pili wa barabara akaleta picha iliyonaswa na kamera yake: mwanamume mwenye ndevu nyingi anatoka ukumbini mbio, amekumbatia kitu kilichozungushiwa pazia. Mhariri aliitaka picha hiyo ukurasa mzima, na juu yake maneno mawili: NANI HUYU? Mwandishi alitakiwa kupeleka habari ya kuisindikiza kabla ya saa tisa, na moyo wake ulikuwa mzito, ingawa hakujua hasa kwa nini.

— Binti yangu, Breki alianza hata kabla ya kupokea kikombe, gazeti lenu limeingiwa na woga. Mtu kaua watu wanne, nyinyi mmemtupa ukurasa wa saba, kapicha kenyewe kama stempu. Mimi ningemweka mbele, mkubwa kama tairi, watu wamwone.

— Wamwone ili iweje, mzee wangu?

— Ili aaibike.

— Huyo ataona raha, alisema Bi Birika. Mjukuu wangu akitukana nikamtolea macho, anarudia. Nikiendelea na kazi zangu, anatafuta mchezo mwingine.

— Na ile barua ndefu aliyoiacha muuaji? aliuliza Profesa, akipandisha miwani. Mngeichapa yote. Mficha maradhi kifo humuumbua.

— Maradhi ni yake, Profesa, Mwandishi alimjibu. Tukiyachapa, kuna mwingine huko amejifungia chumbani na hasira zake, ataisoma barua ile kama maelekezo ya kazi.

— Basi mngechapa nusu.

— Nusu ipi?

Profesa alinywa kahawa.

— Lakini jana mlinifurahisha, Breki akasema, na kutoa kipande cha gazeti mfukoni mwa shati, kimekunjwa mara nne kama cheti cha ndoa. Mtu wa pili. Sikilizeni: "Mkazi mmoja wa eneo la karibu alisema." Mkazi huyo ni mimi.

— Tunajua, Breki, alisema Kinyozi kutoka kwenye kiti, ambako alikuwa akimshughulikia mteja mgeni aliyelala chali, uso kaelekeza barabarani, povu mpaka masikioni. Umetusomea tangu jana mara sita.

— Saba. Wewe ulikwenda kuchota maji.

Mwandishi alicheka. Ndiyo raha ya kijiwe hiki. Mtu akija na uzito wake, anatua nusu yake hapa. Na labda ni kicheko hicho kilichomlegeza, maana alifanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa uandishi hukatazwa wiki ya kwanza. Alitoa simu, akawaonyesha ile picha ambayo haijachapwa.

— Mnaweza kumtambua?

Simu haikumaliza kuzunguka. Breki aliikamata kwa mikono miwili.

— Huyu namjua. Huyu ni utingo wangu, yule wa siku nilipopinduka na saruji. Tazama mbio zake. Ndizo mbio alizotoka nazo siku ile, akaniacha naning'inia kwenye mkanda.

— Utingo wako hakuwa na ndevu, alisema Bi Birika.

— Aliziotesha akiwa anakimbia. Halafu wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Huyu hakwenda pole, kwa hiyo kajikwaa, na aliyejikwaa ana hatia. Hapo hata hakimu hana la kuongeza.

Profesa aliichukua simu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu tena.

— Huyu si mtu wa hapa. Ndevu hizi zimesomea nje. Ni jasusi, na hicho kwenye pazia ni mtambo. Kuna mitambo siku hizi, ukiiwasha, simu za mji mzima zinazimika.

— Simu yangu ilizimika siku ile, Breki akasema kwa hofu.

— Umeona.

— Huwa inazimika kila siku, alisema Bi Birika. Ina tochi kubwa kuliko betri.

Sasa Kinyozi hakuweza kuvumilia. Alimwacha mteja wake amenyolewa upande mmoja, akaja na wembe hewani na taulo begani.

— Leteni hapa. Majina nasahau, kidevu sisahau. Miaka ishirini na sita nimenyoa videvu vya mji huu. Akaitazama picha, akafumba jicho moja. Hiki kidevu nimewahi kukishika.

— Lini?

— Si zamani. Naam, nimekumbuka. Huyu ndiye aliyeondoka na taulo yangu shingoni mwaka juzi. Mwizi wa taulo hana jipya. Na hicho alichokumbatia si mtambo, Profesa, wala si bunduki. Ni mtu wa tatu.

— Mtu wa tatu mdogo hivyo?

— Kakunjwa.

Bi Birika aliweka birika chini.

— Hebu subirini. Mmoja kasema utingo, mwingine jasusi, mwingine mwizi wa taulo. Hao ni watu watatu, na picha ina mmoja.

— Penye wengi hapaharibiki neno, Profesa alimwambia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. Tungekuwa mmoja ndiyo ungetilia shaka.

Mwandishi alikuwa anacheka huku anaandika. Na katika kuandika akajikuta ameweka sentensi hii: *Wakazi kadhaa wanasema wanamfahamu mtu huyo.* Aliisoma. Ilikuwa kweli kwa kila neno. Wakazi ni kadhaa, na wamesema. Mhariri angeipenda. Ndipo sauti ikatoka chini ya povu.

— Samahanini wazee wangu. Nilitaka kuuliza tu. Nani kati yenu alikuwepo pale ukumbini?

Wote walimgeukia Breki, kwa kuwa ndiye mwenye kipande cha gazeti.

— Mimi kuwepo, sikuwepo, alisema Breki. Ila habari ya mtu wa pili nilipewa na Kinyozi, na Kinyozi haongopi ovyo.

— Mimi nilipewa na Profesa, alisema Kinyozi.

— Mimi? Profesa alivua miwani. Mimi nilisema huenda. Nilisema mtu mmoja kufanya yote yale peke yake ni vigumu, huenda walikuwa wawili. Ni fikra tu. Lakini jana nikasoma gazetini kwamba kweli walikuwa wawili, nikajua nilipatia.

— Na gazeti lilipewa na nani? aliuliza mteja.

Breki alianza kukikunja kile kipande cha gazeti, mara nne, kisha mara nane. Mwandishi alihisi aibu ikimpanda kutoka shingoni, aibu ya moto kabisa. Siku tatu alikuwa anajisifu moyoni kwa kutompa muuaji ukurasa, na muda wote huo alikuwa amekwenda kuokota mtu wa pili kwenye benchi hili hili na kumuuzia mji mzima.

Mteja akakaa sawa. Alichukua taulo, akajifuta povu. Shavu la kushoto lilikuwa tupu na laini. La kulia bado lilikuwa na ndevu nyingi, nyeusi, zilizolowa. Mwandishi alitazama simu, akatazama kiti, akatazama simu.

— Si utingo, alisema mteja. Mimi ni fundi makochi. Taulo ya mtu sijawahi kuchukua. Ila wewe kaka umekaribia, alimwambia Kinyozi. Kwenye pazia alikuwemo mtu. Binti wa miaka minne. Mama yake alipigwa risasi ya paja, akaniambia mtoe mtoto. Nikang'oa pazia la dirishani, nikamfunika uso asione tunapopita.

Kinyozi alikunja wembe, akautia mfukoni taratibu.

— Jioni ile ile nilikwenda polisi nikaandikisha maelezo, fundi makochi akaendelea. Nikadhani yameisha. Asubuhi hii dada yangu kanitumia hiyo picha, inazunguka kwenye simu za watu, na chini yake wameandika nikipatikana nifanywe nini. Nikaona nije kunyoa mtaa ambao sijulikani.

— Kwa heshima zote, Profesa alisema kwa sauti ndogo, na sisi tutajuaje kama ndiyo ukweli? Maneno kila mtu anayo.

— Hilo swali zuri, Profesa, alisema Mwandishi. Ningeliuliza jana.

Akalifanya sasa lile alilopaswa kulifanya jana. Kwanza alimpigia msemaji wa polisi, na alijibiwa kwa ufupi: huyo ni shahidi wao, hapakuwa na mtu wa pili, na mbona gazeti halikuuliza. Kisha akapiga namba aliyopewa na fundi, ya bibi yake yule mtoto, akaweka sauti kubwa.

— Yule kijana wa ndevu? sauti ya mama mtu mzima ilijaa kibaraza kizima. Mungu ambariki. Yuko wapi, mbona kapotea? Mama mtoto anaendelea vizuri hospitalini, anamuulizia. Na huyu mtoto hapa hali chakula bila kumtaja. Anamwita Mjomba Pazia.

Breki aligeuka upande wa barabara na kupenga kamasi kwa nguvu, akasema ni vumbi. Mwandishi alimshukuru yule bibi, akafuta sentensi yake ya wakazi kadhaa, akampigia mhariri.

— Picha haitoki, alisema. Si mhalifu, ni aliyeokoa mtoto. Nimeuliza polisi, nimeuliza familia, na yeye mwenyewe yuko mbele yangu, kanyolewa nusu.

— Kanyolewa nini? Una kitu gani cha kujaza ukurasa?

— Nina kosa letu la jana. Nalitaka mbele, kwa herufi kubwa zile zile tulizoliandikia. Jina lake sitaliweka mpaka aseme niliweke.

— Hakuna anayenunua gazeti kusoma kwamba tumekosea.

— Jana walinunua kosa lenyewe, bosi.

Mhariri akasema alete, na awahi. Mwandishi alikata simu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi moyo wake ulikuwa mwepesi. Kijiwe kikachangamka. Breki alisimama, akamsogezea fundi nafasi yake, sehemu laini kuliko zote za ule mlango, akamwomba radhi bila kuweka methali hata moja, jambo ambalo kwa Breki ni sawa na kupiga magoti. Profesa alisema tangu mwanzo alimwona mtu huyu kuwa na uso wa imani, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Bi Birika alimpa fundi kahawa kwenye kikombe chake mwenyewe.

— Basi huo upande mwingine tuuache, Kinyozi alisema akitabasamu. Kesho gazeti likitoka, una haki na ndevu zako. Huu niliouharibu utaota, nitakulinganishia bure.

Fundi alitabasamu pia. Alijishika shavu lenye ndevu, akanywa kahawa mpaka chini, halafu akamgeukia Mwandishi, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa.

— Dada yangu, wale wote waliosoma la jana, watalisoma na la kesho?

Mwandishi alimtazama Breki, na Breki akamtazama Profesa, na Profesa alikuwa anafuta miwani iliyokwisha kuwa safi. Bi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Halikutoka hata tone.

Kinyozi alichovya brashi kwenye povu, akamlaza fundi kwenye kiti taratibu, na kuanza upande wa kulia, ule wenye ndevu.